Ng'ombe Akiimbiwa

Jumatatu, 19 Mei

Hoja ya tasnifu yangu imekamilika: ng'ombe akiimbiwa hutoa maziwa mengi. Niliandika hitimisho kwanza, kisha nikasaka watafiti wa kulibeba. Nimewapata tisa! Nimesoma muhtasari wa kila mmoja, yaliyobaki ni ya wenye muda. Mwalimu wetu Ingegerd kaahidi kwamba semina ya Ijumaa ya kuitetea kazi hii ikienda vizuri, kiangazi nitakuwa msaidizi wake. Ikiharibika, nakwenda Småland, shambani kwa baba mdogo Holger, kuzoa mavi ya nguruwe. Nguruwe wale wananijua.

Jumanne, 20 Mei

Balaa. Atakayeipinga kazi yangu mbele ya darasa ni Tuva. Msichana anasoma mpaka tanbihi! Mkakati: kumlainisha. Nikampelekea mikate ya mdalasini wakati wa kahawa. Akaila yote, akashukuru, akauliza kama nimesoma makala ya Bergfalk ya mwaka 1961. Nikamwambia bila shaka.

Bergfalk ni nani?

Alhamisi, 22 Mei

Nimempata. Watafiti wangu wote tisa wanamnukuu! Furaha iliyoje. Nimemwongeza, sasa ni kumi. Makala yenyewe iko ghalani, chini kabisa ya maktaba. Goti langu halipendi ngazi. Nimeshinda nikikariri jibu la kesho, maana mpinzani huanza kwa kufupisha kazi yako, kisha unaulizwa kama kafupisha kwa haki, nawe unakubali.

Ijumaa, 23 Mei

Tuva alisimama na makala mkononi. Alisema kazi yangu inasimama juu ya watafiti tisa, wote wanasimama juu ya Bergfalk, na Bergfalk alimwimbia ng'ombe mmoja. Ng'ombe akaruka ua, akatokomea. Hakukamuliwa hata tone.

"Sixten, amekufupisha kwa haki?" Ingegerd akauliza.

"Kwa haki kabisa. Ndiyo kazi yangu hiyo," nikajibu, kama nilivyokariri.

Darasa zima likacheka. Ingegerd hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kijana, watu tisa wakirudia neno la mmoja, shahidi bado ni mmoja," alisema. "Na huyo mmoja, hata ng'ombe alimkimbia."

Nimeambiwa nirudi Agosti na kazi mpya. Usaidizi kapewa Tuva. Mikate yangu je?

Jumapili, 25 Mei

Småland. Baba mdogo kanipokea na koleo. Lakini nimepata hoja mpya, imara kuliko ile: ng'ombe akiimbiwa hukimbia. Bergfalk ninaye tayari! Asubuhi niliwaimbia nguruwe, wakasogea karibu kusikiliza. Hilo sitaliandika, linavuruga.

Hitimisho liko tayari. Bado watafiti tisa tu.