Kafara wa Ubao wa Kwanza

Jumatano, 6 Mei
Tumefika kwenye mashindano ya sataranji ya vyuo. Tuko watano, vyumba vya wawili wawili. Nahodha kapangwa chumba na Daktari (yuko mwaka wa kwanza wa udaktari, ila ukimwita hivyo anaitika). Mapacha wana chao. Mimi nimepangwa na masanduku. Kila timu hucheza mbao nne, kwa hiyo mimi ni wa akiba. Meza yetu ya chakula nayo ina viti vinne. Nimekula nimesimama, nikasingizia mgongo.

Alhamisi, 7 Mei
Wazo! Kila timu humweka mkali wake ubao wa kwanza. Nimemwambia Nahodha aniweke mimi hapo, nikaliwe na mkali wao. Yeye na mapacha washuke mbao za chini wakawatwange wadogo. Daktari apumzike. Nahodha kasema kumbe kichwani mwangu mna kitu. Jioni nimekula nimekaa. Daktari kanuna, kasimama na sahani yake. Nimemwonea huruma, si sana.

Ijumaa, 8 Mei
Nimefungwa asubuhi, nimefungwa mchana. Timu imeshinda tatu kwa moja mara zote mbili. Mapacha wameniita Kafara. Sijawahi kupewa jina la utani. Mama kapiga simu kuuliza kama nimeshinda. Nimesema tumeshinda, nikabadilisha mazungumzo.

Jumamosi, 9 Mei
Fainali. Wapinzani nao wamewaza kama mimi! Mbele yangu kakaa binti mwenye sweta la kijani, wa akiba wao. Kabla saa haijaanza kaninong'oneza kwamba timu yake hula bila kumwita. Basi tukacheza, vibaya sana, kwa raha sana. Akikosea anacheka puani. Nikikosea anangoja nione mwenyewe.

Wenzangu wakamaliza: mbili kwa moja, tunaongoza. Sare tu ingetupa kombe. Binti, bila kutazama mbao nyingine, akaniomba sare. Nahodha nyuma yangu akakohoa mpaka nikadhani anaumwa.

Nikawaza: nikikubali, ataondoka. Tangu mwaka uanze hakuna mtu aliyekaa na mimi saa mbili mfululizo. Nikakataa. Nikapeleka farasi mbele, nikamrudisha, nikampeleka tena. Muda wangu ukaisha, nikahesabiwa nimefungwa. Mbili kwa mbili, na kwa alama za raundi za nyuma kombe ni lao.

Jumapili, 10 Mei
Hakuna anayenisemesha. Nahodha kasema nitafute mchezo mwingine, labda wa peke yangu.

Asubuhi binti wa sweta alinikuta ukumbini, akauliza kama nitakunywa naye chai kabla basi lao halijaondoka. Nikamwambia samahani, nina kazi. Na kweli nilikuwa nayo: nilikuwa natafuta njia ya kumfanya akae mbele yangu tena.

Sasa nimeipata. Mwakani nirudishwe timuni, yeye abaki wa akiba, timu zote mbili zifike fainali, na manahodha wote wawili wawaze vilevile. Mpango hauna tundu. Jina lake nitamuuliza siku hiyo.