Mnara wa Nne

Jumapili, 3 Agosti

Leonel, huna akili, na naliandika hapa ili likae. Nimekufulia nepi kwa mikono hii. Leo umekuwa mwenyekiti wa kijiji, unaniletea mchoro wa nembo yetu, na juu ya ngao taji lenye minara mitatu. Mitatu! Vilar Torto, hao wa ng'ambo ya mto, wana minne. Nimeihesabu mwenyewe kwenye bendera yao.

Eti ndiyo sheria. Kijiji minara mitatu, mji mdogo minne, jiji mitano. Wazee wa Lisbon wanaokagua nembo wameshapitisha. Nikamuuliza Leonel kama hao wazee wamewahi kufika Casal da Mó. Hawajafika. Basi.

Mengine kwenye ngao sina neno nayo. Chini mto, mistari ya buluu. Juu yake gurudumu la kinu cha maji. Ni kinu cha Abílio, marehemu mume wangu, wa mwisho kusaga hapa. Ameniacha mwaka wa tisa huu. Kwa gurudumu hilo nimekubali kutarizi bendera nzima, macho yangu haya haya. Ipande mlingotini tarehe kumi na tano, sikukuu ya Bikira Maria. Isipokuwa tayari, itapanda ile ya zamani, ya enzi walipotuunganisha na Vilar Torto kwa nguvu. Hiyo ina mbwa wao wa mawindo. Gurudumu haina.

Jumanne, 5 Agosti

Gari la mikate limepiga honi darajani. Nikamkuta Deolinda wa Vilar Torto, kajipaka poda saa mbili asubuhi. Akaniuliza, kwa sauti ya kumpa pole mgonjwa, kama ni kweli tumepewa minara mitatu. Nikasema ndiyo. Akasema si haba, mwenzangu, watu wenyewe hamjai hata basi moja.

Nikamwambia hatujai basi lakini tunaoga. Wote wakacheka, hata muuza mikate. Ila nilifika nyumbani nikagundua mkate nimeuacha juu ya ukuta wa daraja. Nimekula supu ya kabichi bila mkate, kwa hasira.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeutia mnara wa nne.

Felismina, wifi yangu, alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano. Akaniambia, wifi, utatuaibisha. Nikamwambia ni mnara mmoja tu, tena mdogo, nani atahesabu? Imebidi niisogeze ile mitatu. Sasa imebanana kama meno ya Leonel. Uzi wa fedha unang'aa vizuri lakini.

Jumapili, 10 Agosti

Leonel kaja kukagua. Nilimwekea soseji na divai ili asihesabu. Akala soseji, akanywa divai, akahesabu. Kwa kidole chenye mafuta!

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema, Bibi Ermelinda, siku ya sikukuu Vilar Torto wote watakuwa hapa, na Deolinda mbele. Tukijitwika cheo ambacho hatuna, watatucheka mpaka Krismasi. Mnara utoke, la sivyo anapandisha ya mbwa. Ameshaitoa sandukuni. Inapigwa pasi.

Mbwa huyo apite na maandamano mbele ya kinu cha Abílio? Labda niwe nimekufa, na hata hapo nitaamka.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefumua. Polepole, kwa mkasi mdogo, kama mtu anayetoa miba. Uzi wa mwisho ukagoma, nikauvuta, kitambaa kikachanika. Tundu kama yai, hapo hapo kwenye mnara wa katikati.

Nililia kidogo. Felismina alipoingia nikamwambia ni vitunguu. Akatazama jikoni, hakuona kitunguu, akanipa leso yake. Ana roho nzuri, ila kiraka alichopendekeza ni cha suruali ya mchunga mbuzi.

Nikakaa dirishani. Juu ya bomba la moshi la kinu, korongo kasimama kwa mguu mmoja kwenye kiota chake, kama kila mwaka. Nikamtazama. Akanitazama. Tangu lini mnara ukakosa korongo?

Nimemtarizi mpaka kengele ya jioni. Tundu halionekani. Mdomo umetoka mrefu kidogo.

Ijumaa, 15 Agosti

Leonel alimwona ndege bendera ikiwa tayari mlingotini, padri kashaanza kubariki. Akageuka rangi ya samaki mkavu wa chumvi. Angesema nini na maji ya baraka yanamdondokea?

Kisha tukaishusha, ikaongoza maandamano. Tulipofika kwenye kinu upepo ukatoka mtoni, ukaifungua yote. Kitambaa kikajikunjakunja na gurudumu likawa kama linazunguka. Felismina alinishika mkono. Abílio alikuwa kaka yake.

Deolinda alihesabu. Nilimwona akitikisa midomo. Moja, mbili, tatu, akakwama. Akaniuliza hicho kidude ni nini. Nikamwambia ni korongo, bibi wee. Nyinyi mna minara minne na hata ndege hataki kupanga.

Jumanne, 26 Agosti

Barua imetoka Lisbon. Wameona picha gazetini. Leonel alinisomea akiwa amesimama karibu na mlango. Nembo ilipitishwa bila ndege, kwa hiyo ndege aondolewe. Leonel akasema yeye binafsi anampenda, lakini sheria ni sheria. Na chini ya ndege kuna tundu, hilo sikumwambia.

Nimefikiri sana. Nimekiri kosa langu. Kosa ni kwamba nilimweka mmoja. Ndege mmoja wanaona amepotea njia. Wakiwa wawili wataona ndiyo desturi ya hapa. Tena korongo anayekaa peke yake ni mjane, na kijiji hiki mjane wa kinu anatosha mmoja.

Felismina, najua unasoma daftari hili nikienda kanisani. Kesho asubuhi njoo na uzi mweupe, uzi mweusi na miwani yako. Mlango ufunge nyuma yako, na Leonel akiuliza, mwambie tunafumua.