Milimita Mbili kwa Siku

Jumatatu, 4 Machi

Siamini. Matroni ametangaza asubuhi kwamba msimamizi wa wodi yetu anastaafu, na kiti chake hakitakwenda kwa mkongwe. Atakipata atakayeleta Ijumaa ushahidi bora wa kitafiti: vidonda vya miguu vifungwe upya kila siku, au kila baada ya siku tatu? Ushahidi! Mimi ninayeosha vidonda mwaka wa kumi na moja huu.

Mpinzani ni mmoja tu, muuguzi mwenzangu tunayemwita Miwani. Yeye anasema siku tatu. Basi mimi nasema kila siku. Isitoshe, ufunguo wa chumba cha vidonda ninao mimi. Visipofungwa kila siku, ufunguo utakuwa na kazi gani?

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa mkutubi wa hospitali, mama mmoja mpole. Nikamwomba anitafutie utafiti unaosema kila siku ni bora. Akanitazama kama niliyeomba dawa bila kupimwa. Akasema tunaanza na swali, hatuanzi na jibu, kisha tunasoma yanayotuunga mkono na yanayotupinga. Na nisiishie kwenye muhtasari. Niangalie walipima nini, walipimaje, na nani alipima. Nikaitikia sawa mama, mara nne. Alipokwenda kunywa chai nikaandika kwenye kompyuta: kila siku ni bora.

Zikaja tafiti sita. Tano zinampendelea Miwani! Nilishtuka hadi nikageuka kutazama kama yumo chumbani. Ya sita, dhahabu tupu: wagonjwa arobaini na wawili, wote wamepona, siku kumi na nne. Zile tano nimezifunga. Ya sita nimeichapisha nakala kumi na kusoma muhtasari wake mara tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi yangu amelazwa kitanda cha nane, kidonda cha mguu, mwezi wa pili sasa. Kila asubuhi nikibandua shashi anauma ncha ya shuka. Leo ameniuliza kama ni lazima kila siku, maana anaona nyama mpya inaondoka na shashi. Akasema, mwanangu, nionee huruma. Nikamjibu kwamba utafiti ndivyo unavyosema. Akageukia ukutani. Sikupenda alivyogeuka.

Nakala moja niliisahau kwenye mashine ya kuchapisha. Jioni nimemkuta Miwani anaisoma, kalamu mkononi, yuko ukurasa wa tatu. Nani anafika ukurasa wa tatu? Wivu huo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwisha.

Nilizungumza dakika kumi na mbili mbele ya Matroni, mkutubi na madaktari wawili. Makofi. Kisha Miwani akasimama, akaniuliza kwa upole kama nimeisoma karatasi yote. Nikasema yote. Akasema basi nieleze kwa nini vidonda arobaini na viwili vilipungua milimita mbili kila siku, bila kuzidi wala kupungua, Jumapili ikiwemo. Nikasema huo ndio uzuri wa kufunga kila siku. Akasema mgonjwa namba tisa aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya tano, lakini kidonda chake kiliendelea kupimwa wodini siku tisa zaidi.

Madaktari wakacheka. Nikapigwa na butwaa mimi mwenyewe. Nikasema mbele ya wote kwamba muuguzi aliyepima hivyo ni aibu kwa kazi yetu.

Miwani akafungua ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani. Mtafiti anamshukuru muuguzi aliyepima vidonda vyote peke yake. Jina langu. Yote matatu!

Hapo nikakumbuka. Miaka minne iliyopita, mtafiti mgeni, rundo la fomu, mimi na kikombe cha chai. Nilizijaza zote kabla chai haijapoa. Nani alijua zitasomwa? Matroni akasema polepole kwamba ni karatasi hiyo iliyoifanya wodi ianze kufunga kila siku. Nikamfikiria shangazi na ile ncha ya shuka. Niliona aibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Miwani ndiye msimamizi. Ufunguo nimemkabidhi. Mtafiti ameandikiwa barua aiondoe karatasi yake. Na mimi nimepewa adhabu: wiki sita za kupima kwa rula, kila baada ya siku tatu, vidonda vinavyofungwa kwa utaratibu mpya, nikianza na kitanda cha nane.

Nilimweleza shangazi kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Akasema amenisamehe, ila safari hii nipime kweli, mguu ni wake. Nikatokwa na machozi. Nikaapa.

Alhamisi, 14 Machi

Ajabu! Kidonda cha shangazi kimepungua milimita mbili. Nimepima mwenyewe, mara mbili, mkutubi akishuhudia. Shangazi amelala usiku kucha. Nimefurahi kuliko siku niliyoajiriwa.

Kisha nikaitazama fomu. Mistari kumi na miwili mitupu. Lakini mwendo si umeshajulikana? Kwa nini nimsumbue mgonjwa anayelala vizuri? Na chai ilikuwa bado ya moto. Nimejaza hadi mwisho.

Ila sasa nimeerevuka. Jumapili zote nimeandika milimita moja na nusu.