Kati ya Uzee na Sikio

Jumatatu, 13 Januari 2025
Binti yangu Maha kanipeleka ofisi ya misaada ya serikali. Mtu mmoja, faili moja, kasema Ashwaq, bibie wa kaunta. Nikiandikwa mlemavu, napewa mashine ya kusikilizia. Sikio langu la kushoto liliuawa na injini za ndege, miaka ishirini na sita ya kupakia mizigo uwanjani; la kulia nalo limebaki nusu. Nikiandikwa mzee, napata kilabu cha mchana cha wazee, na gari la kunifuata hapa mtaani kwetu Mirdif. Vyote viwili? Hapana. Jibu mwisho Ijumaa.

Mtihani! Bi Mawadda anaamini nina miaka hamsini na tisa. Nina sitini na minane. Wala habari za sikio hazijui. Ni jirani yetu, mjane, hutuletea vitumbua kila Alhamisi. Sauti yake laini, kama anaongea karibu na mtoto aliyelala. Namweka upande wa kulia. Nikiambulia nusu ya maneno, nashukuru.

Jumanne, 14 Januari
Nimepata njia! Fomu mbili. Zahor Thuwein, mlemavu. Zahor bin Thuwein bin Salim, mzee. Picha ya pili nimevaa miwani. Nani atajua?

Jumatano, 15 Januari
Ashwaq kajua. Kazipanga picha ubavu kwa ubavu, akauliza pacha wangu hajambo. Nikasema hajambo, anakusalimu. Kosa! Akaichana fomu ya pili kwa upole, akasema hata yeye ana babu. Babu!

Jioni nimemwona Mohannad, yule mgane wa nyumba ya kona, akimfungulia Bi Mawadda mlango wa gari. Ana miaka sabini na mmoja na anaitangaza kama cheo. Meno yote yake mwenyewe.

Alhamisi, 16 Januari
Kanzu mpya. Udi. Maha yuko jikoni. Bi Mawadda akaingia, akakaa kushoto! Kiti cha kulia kilijaa nguo za kupigwa pasi. Akainama, akaongea muda mrefu, chini chini, akichezea pindo la mtandio. Sikuambulia hata neno. Nimwambie arudie? Angejua. Lakini macho yake yalikuwa yananiuliza jambo, na moyo ukajijibia: ananitaka! Tangu mama Maha afariki, miaka tisa, hakuna aliyenitazama hivyo. Nikakohoa, nikasema: "Bila shaka, Bi Mawadda. Jambo la kheri halicheleweshwi."

Akaliachia pindo la mtandio. Akafuta machozi, akanishukuru. Nimekula vitumbua saba.

Ijumaa, 17 Januari
Maha kanieleza garini. Jana alisikia kila kitu kutoka jikoni. Mohannad amemposa Bi Mawadda. Bi Mawadda hana baba wala kaka wa kumshauri, ndiyo akaja kwangu: akubali? Au mimi nina la kusema?

"Alikuwa anangoja, Baba," Maha akasema. "Anangoja useme hapana."

Tukafika ofisini. Ashwaq akauliza nimechagua nini. Sikio, nikasema. Sikio!

Jumatatu, 3 Februari
Nimewekewa mashine. Kumbe friji letu linanguruma! Kumbe Maha huimba akifua!

Alasiri Bi Mawadda akapiga simu. Ndoa ilifungwa Ijumaa. Alitaka kunishukuru kwa ushauri. Mara ya kwanza nimeisikia sauti yake nzima. Kila akimaliza sentensi anacheka kidogo, kicheko chembamba, kama ameona haya. Miaka miwili ya vitumbua na sikukijua. Alipokata, nilibaki na simu sikioni mpaka Maha akaja kuniuliza kuna nini.

Jumatano, 5 Februari
Habari kubwa! Bi Mawadda na mumewe wamejiandikisha kilabu cha wazee. Kila siku, saa tatu hadi saa nane. Wana meza yao karibu na dirisha, na kiti kimoja kiko wazi. Maha kanisihi niliache jambo hili. Khalas, yamekwisha, nimeshampigia Ashwaq. Faili linabadilishwa mara moja tu, kasema, na mashine lazima irudi. Akauliza mara mbili kama nimemwelewa. Nimemwelewa vizuri sana.

Naipeleka kesho asubuhi. Jumatatu gari la kilabu linanifuata. Nitakaa meza moja naye, kila siku ya Mungu, nimsikilize.