Mwalimu wa "Can" na "Could" Kariakoo

Jumatatu, 5 Mei

Nina wazo! Niliandike upesi kabla halijapoa.

Asubuhi Bakili kaaga. Karudi kwao Lindi kulima ufuta, kaacha stuli yake pale mlangoni kwa Mama Candida. Stuli ile! Iko kivulini, feni inaipuliza kwa nyuma, na anayeikalia ndiye winga rasmi wa duka. Sisi mawinga wengine tunashinda juani. Mali hatuna, duka hatuna. Tunamdaka mteja barabarani, tunampeleka dukani, tunamtajia bei ya duka pamoja na cha juu chetu, maisha yanaenda. Nimeitamani stuli hiyo tangu niliposhuka kutoka Rombo.

Mama Candida katangaza mbele ya watu. Jumamosi Mama Chanda anaingia kutoka Zambia kununua vitenge. Winga atakayemfanya ajaze lori hapa, asivuke barabara kwenda kwa Mzee Jamnadas, stuli ni yake. Sasa, Mama Chanda ni mteja wangu mimi! Yeye hajui Kiswahili, Mama Candida hajui Kiingereza, katikati yao nipo mimi, Melkiori. Lakini winga mwenzangu Godbless naye kanyoosha mkono. Godbless, ambaye Kiingereza chake chote ni "my friend"!

Mchana, kwa muuza vitabu vya mtumba, nikakuta kitabu cha sarufi ya Kiingereza. Kimechanika mbele na nyuma. Kilichobaki ni sura moja, ya vile vitenzi vidogo vya kusaidia vitenzi vingine: can, could, may, might, must, should, would. Nikasoma nimesimama mpaka mwenyewe akaniuliza kama nanunua au nahamia. Nimenunua. Nitamfundisha Mama Candida Kiingereza. Mwalimu wake mwenyewe, stuli ataninyima vipi?

Jumanne, 6 Mei

Darasa la kwanza, kabla duka halijafunguliwa, tumekaa juu ya marobota ya vitenge. Mama Candida kaja na miwani ya kusomea. Binti yake Jacqueline kaja kucheka. Godbless kaja kupeleleza, anadai anapita tu.

Nimeanza na "can". Nimewaonyesha Kiswahili kinavyotutesa: naweza, unaweza, anaweza, wanaweza, kila mtu na kichwa chake. "Can" haina habari na mtu. I can, she can, Jamnadas can. Haiongezwi "s". Nyuma yake huweki "to". Ukitaka kuuliza unaitanguliza: Can I? Mama Candida kavua miwani, kauliza kumbe miaka yote hii kilichomshinda ni hiki tu. Nikamwambia ni hiki tu. Nilijisikia profesa.

Jacqueline kauliza kwa nini watu wanasema "I will can", lakini yeye akiandika hivyo shuleni anawekewa mkasi. Swali gumu, ila nikalidaka. Vitenzi hivi haviwekwi viwili mahali pamoja. Ni kama mawinga wawili kwa mteja mmoja, mmoja lazima aondoke. Darasa zima likamgeukia Godbless. Sijawahi kuona Jumanne tamu hivi.

Jumatano, 7 Mei

Leo "could". Nimewaambia ni "can" iliyooga ikavaa shati. "Can you wait" unamwambia winga mwenzako. "Could you wait" unamwambia mteja mwenye lori. "Might" ni mvua ya Mei, huenda ikanyesha na huenda isinyeshe, wewe usianike. "Should" ni ushauri. Kwa maneno mengine, "should" ni dada Severa.

Nakaa kwa dada Severa, Ilala. Jioni alikuwa anachambua mchicha, nikamsimulia mafanikio yote. Badala ya pongezi kaniuliza: Mama Candida akishaweza kuongea na Wazambia mwenyewe, wewe atakutumia kwa kazi gani? Ndiyo shida ya watu wa nyumbani, hawaoni mbali. Nikamjibu atanitumia kama mwalimu. Akasema napaswa kulifikiria tena jambo hili. Napaswa! "Should" tupu, mfano hai kabisa. Nimeuandika pembeni niutumie kesho darasani.

Alhamisi, 8 Mei

Godbless kafungua darasa lake! Yuko kwenye ngazi za duka la viatu, anafundisha "must" peke yake. Anawaambia watu hivyo vingine ni vya waoga. Mchana kamdaka Mmalawi mmoja mwenye begi: you must come, you must enter, you must buy. Yule baba kalikumbatia begi lake, kaenda kumuuliza askari kama hapa mjini siku hizi kununua ni lazima. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Halafu nikavuka kwa Mzee Jamnadas kumtangazia huduma yangu. Shikamoo mzee, marahaba. Kanisikiliza kwa adabu zote, kisha kajibu kwa Kiingereza kirefu ambacho nusu yake ilinipita. Mkwewe, Falguni, kanifafanulia kwa Kiswahili: mzee anashukuru sana, ila nyumba nzima wanaongea Kiingereza, ndiyo maana duka lao halijawahi kuhitaji winga. Nikaangalia mlangoni. Kweli, hawana hata stuli! Watu wengine biashara hawaijui kabisa.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi ya mwisho. Mimi nimekuwa Mama Chanda, nimejifunga kitenge kichwani, nikaingia dukani nikitembea kwa maringo. Mama Candida kasimama wima. Good morning, my sister. How may I help you? Would you like a soda? I could reduce the price if you take more. Hakukosea hata mahali pamoja! Nimelia. Jacqueline kanirekodi nikilia na kitenge kichwani. Acha arekodi, historia inahitaji ushahidi.

Mwishoni Mama Candida kauliza jambo zuri. Mfanyakazi kamaliza kazi yake, unataka aende zake, lakini hutaki kumvunjia heshima. Unasemaje? Nikamwambia hapo inaingia "may", ndiyo ruhusa, inatoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, ila kistaarabu. Karudia midomo ikicheza, kama mtu anayesali. Mwanafunzi wangu huyo! Stuli naiona kabisa. Nimeshaulizia mto wa kukalia.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Nimempokea Mama Chanda gesti, nikambebea mkoba. Njiani nikamtajia bei ya robota, na cha juu kilichonona kuliko siku zote, maana siku yenyewe ilikuwa kubwa. Tukaingia dukani. Kawaida yetu ni hii: mteja ananiuliza mimi, mimi namuuliza Mama Candida kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswahili, mimi nalipeleka jibu kwa mteja likiwa limenenepa.

Leo Mama Candida kanipita kama nguzo ya umeme. Good morning, my sister. How may I help you? Mama Chanda kapiga kelele ya furaha, wakakumbatiana. Nikapiga makofi! Mimi mwenyewe, kwa nguvu, nikiwaambia watu wa jirani huyo ni mwanafunzi wangu.

Wakaongea. Wakaongea tena. Wakaulizana watoto, magoti, bei ya sukari. Halafu Mama Candida akataja bei ya robota. Bei ya duka, kavu, kwa Kiingereza kisicho na kosa. Mama Chanda akamwambia bei niliyomtajia mimi njiani. Cha juu Mama Candida anakijua, Kariakoo nzima inakijua. Ila hakuwahi kusikia ni kinene kiasi gani. Mama Chanda akaangalia kitenge alichovaa, alichokinunua safari iliyopita kupitia kwangu, kisha akaniangalia mimi. Akaniuliza kama kuna neno ningependa kusema. Nikatafuta kitenzi. Vyote vilikuwa vimenikimbia.

Mama Candida akaivuta stuli ya Bakili, akaipangusa, akamkalisha mgeni wake na soda. Wakapeana namba za WhatsApp. Safari ijayo Mama Chanda atatuma picha tu, mzigo utapakiwa. Lori likajaa, likajaa mpaka turubai likagoma kufunga! Hapa hapa, kwa Jamnadas hakwenda. Nikakumbushia ahadi ya stuli, sauti ikiwa imepungua. Mama Candida kaniangalia bila hasira yoyote, na hicho ndicho kilichoniuma. Kasema stuli sasa itakuwa ya wateja. Kisha, taratibu: Thank you, Melkiori. You may go.

"May" ya ruhusa. Hakuweka "to". Sauti mahali pake. Ningempa alama zote.

Nimeshuka barabarani. Godbless alikuwa anapandisha marobota kwenye lori. Aliniona, na hakucheka.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana dada Severa kapika ndizi na nyama. Hakunikumbusha aliyoniambia Jumatano, kaniwekea tu mnofu mkubwa kuliko wake. Hapo ndipo nilipotaka kulia tena. Stuli sina, Mama Chanda sina. Bila Mama Chanda mimi ni mtu wa kupiga kelele juani, basi.

Halafu, katikati ya kutafuna, nikaliona kosa langu! Liko wazi, sijui lilinipitaje. Nilimfundisha mtu asiyestahili. Mwenye duka akishaelimika hana shukrani. Wa kufundishwa ni wateja! Wazambia, Wamalawi, wamejaa gesti jioni hawana la kufanya, wanakodolea macho televisheni wasiyoielewa. Kiswahili hawajui, kila kitu wanamtegemea winga. Nitawafundisha Kiswahili! Watanipenda, watanikumbuka, kila lori litapita mikononi mwangu. Godbless na "must" yake atabaki anabeba marobota.

Dada Severa kaweka kijiko chini, kaniuliza kama nimekisikia nilichokisema. Nimemwomba asinikatishe tamaa. Mwenye gesti nimeshampigia, kakubali nitumie ukumbi wake kuanzia kesho jioni, na somo la kwanza nimeshaliandaa, zuri mno: jinsi ya kumuuliza mwenye duka bei ya mwisho wewe mwenyewe, bila kumsumbua mtu wa katikati.