Fisi wa Kitambaa cha Njano

Jumatatu, tarehe 13 Julai 2009

Melania! We unayechokonoa vitu vya mama yako, karibu. Tangu Pasaka hatujakuona. Gitega ni mbinguni, mtu akifika harudi? Nilikuzaa kwa uchungu, sikukuzaa kwa simu. Siku moja utalikuta daftari hili chini ya godoro langu. Basi soma, tugawane aibu.

Leo umepiga. Umesema shule zikikaribia kufunguliwa na mwanao Imelda bado hajui kitabu ni kitu gani, utamchukua umpeleke kwenye shule ya watoto wadogo huko Gitega. Kisa, bibi yake hakusoma. Hukutamka hivyo, ila nilisikia. Kweli, dawati sikulikalia hata siku moja. Herufi hizi nilizipata ukimbizini, kambini Tanzania, na wamama wa kanisa, tumekalia ndoo. Zinachechemea, lakini zinafika.

Mtoto haendi popote! Nyumba hii bila Imelda nitazungumza na nani, na masufuria?

Nimeanza leo leo. Nimetandika mkeka, nikapanga jina lake kwa maharage, yeye anafuata kwa kidole. Vizuri sana. Nikageuka kuchochea moto. Kuku wamekula I, wamekula M, na nusu ya E.

Jumanne, tarehe 14 Julai

Mwalimu Dominiko wa shule ya awali anatuazima vitabu vya vakansi, vya siku hizi za likizo. Kila nyumba kimoja. Jumamosi ya tarehe 25 kila mtoto atasimama mbele ya wazazi aonyeshe alichopata humo.

Gaudensia, jirani yangu, alikuwa mbele yangu. Tangu kambini mwanamke huyo yuko mbele kwenye kila foleni. Akatangaza kwamba mjukuu wake Manase anasoma tayari kibao cha zahanati. Nikasema Imelda anasoma Biblia. Mana yanje, Mungu wangu! Imeshatoka.

Nyumbani nafungua kitabu. Hakina neno! Picha tupu: kuku, fisi, mto, mbuzi. Nimegeuza mpaka mwisho. Nimepewa kibovu, wino uliwaishia. Na Gaudensia kachukua chenye maneno!

Jumatano, tarehe 15 Julai

Nimekirudisha. Nimefoka mbele ya watu. Dominiko amecheka mpaka akashika ukuta. Kumbe vyote viko hivyo. Ni vya watoto ambao bado hawajui kusoma. Mkubwa anahadithia anachokiona, mtoto anageuza kurasa, anajua hadithi inaanza wapi na inaishia wapi, maneno yanajaa kichwani. Herufi zikija zitakuta nyumba imefagiliwa.

Gaudensia alikuwa nyuma yangu. Akauliza, kwa sauti ya kufika sokoni Muyinga, kama hata picha zimemshinda Mama Melania. Nimerudi nacho nimejifunika kitenge usoni kama mfiwa.

Jumapili, tarehe 19 Julai

Inakwenda! Kila jioni tukishakula, Imelda anageuza, mi nahadithia. Ila fisi mtupu hana ladha. Nimempa kitambaa cha njano, kama kile Gaudensia anachovaa kanisani. Nimempa tabia ya kuazima ungo na kuurudisha umetoboka. Imelda amecheka akajikojolea. Anataka fisi tena na tena. Sasa anamhadithia paka.

Kuna ukurasa mwingine. Mbuzi jike yuko juu ya kilima, mtoto wake yuko chini analia. Huyo ni we, Melania. Nilisema mbuzi huyu alikwenda Gitega kutafuta majani mazuri, akasahau njia ya kurudi. Hasira tu, nilikuwa nimekusubiri upige, hukupiga. Mtoto akauliza kama mbuzi ana simu. Nikasema anayo, haina chaji.

Jumamosi, tarehe 25 Julai

Umekuja! Bila taarifa, na mkate na sabuni. Nimekuvuta moja kwa moja hadi shuleni nikuonyeshe. Furaha ilinipofusha. Sikufikiri.

Manase alitangulia. Hapa kuku, hapa fisi, basi. Nilicheka kwa nguvu. Makusudi.

Kisha Imelda wetu. Alishika kitabu kama katekista, anageuza ukurasa mmoja mmoja, anawauliza watu wanadhani nini kitafuata. Watu wakapiga makofi. Dominiko kifua mbele. Ndipo akafika fisi wa kitambaa cha njano. Watu wote wakageuka. Gaudensia alikuwa amekivaa. Ukaja ungo. Halafu mtoto, kwa wema wake, akawasaidia wasioelewa: fisi huyu ni Bibi Gaudensia, yule pale. Na kidole juu.

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Nikadhani yamekwisha. Nilisahau mbuzi. Akasema mbuzi huyu ni mama yangu, alisahau njia. Hakuna aliyecheka. Ulitoka nje, kitenge mdomoni. Dominiko akasema mtoto huyu yuko tayari kabisa kwa shule, hajasikia anayehadithia hivi. Siku zote hizi nimeitamani sentensi hiyo. Imenipita kama upepo.

Jumapili, tarehe 26 Julai

Mmeondoka alfajiri, we na Imelda, kitabu kwapani mwake. Hukunigombeza. Ungenigombeza ningepona. Ulisema tu kwamba njia hujaisahau, nauli ndiyo ngumu. Na habari ya shule Septemba, tutaona.

Nimepika ugali wa watu wawili. Paka amekaa anasubiri fisi.

Ijumaa, tarehe 31 Julai

Nimekwenda kwa Gaudensia na kidumu cha urwarwa. Aibu haipelekwi mikono mitupu. Ameniacha mlangoni mpaka jua limehama. Kisha akasema kitambaa amesamehe, lakini ungo ulitobolewa na panya wangu. Nikakubali. (Aliutoboa yeye!) Pombe ya ndizi ilipofika katikati akasogea, akauliza taratibu kama mwishoni yule fisi anakufa. Nikasema hapana, anaolewa. Akafikiri. Akasema ni sawa, fisi naye amehangaika.

Jumatano, tarehe 12 Agosti

Umepiga! Umesema Imelda anakataa hadithi zako. Kuku alienda, kuku akarudi. Hiyo ni hadithi, Melania, au ni taarifa ya polisi? Amekuambia sivyo, kuku huyo ana jina na madeni. Sasa kila jioni anakufundisha yeye. Na ukurasa wa mbuzi ameubadilisha mwenyewe, hakufundishwa na mtu: mbuzi anashuka kilima, na majani mdomoni.

Jumapili unamrudisha. Ataanza shule hapa, na we utakuja kila mwezi. Nimepiga magoti. Nimeapa mbele ya msalaba kwamba ulimi wangu umefungwa, sitamtia mtu tena kitabuni.

Dominiko ameniazima kingine. Nimekifungua kidogo tu. Kuna kiboko mmoja mnene, amekaa majini peke yake, anatabasamu bila sababu.

Umesema mtaletwa na gari la bwana mmoja Bonifasi, muuza mchele. Bonifasi gani? Wa nani? Basi mkifika asibaki garini kama mzigo. Mwambie ashuke, avue kofia, ageuke polepole nimtazame pande zote. Yule kiboko bado hajapata mtu wake.