Nondo za Cheche na Mashine Isiyo na Uvivu

Jumatatu, 4 Machi
Skana imeingia dukani. Imeletwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Nyembamba kama sinia! Binti kasema Baba, meza ni moja, faksi yako ipumzike. Nikasema mashine hii ilituma karatasi za watu wazito yeye akiwa bado anatambaa. Akanipa hadi Jumamosi: asipopatikana mteja wa maana, anaing'oa. Mteja! Mimi? Watajaa hadi barabarani.

Jumanne, 5 Machi
Utafiti. Nimemtumia mdogo wangu karatasi tupu, ana faksi kwenye stoo ya kiwanda chake. Imepita fyuu! Kisha picha yangu mwenyewe, ile ya koti. Mashine ikaguna, ikakoroma, chai yangu ikapoa. Nimeelewa papo hapo: uzito wa mtu.

Mdogo wangu kapiga simu. Eti nimemmalizia karatasi, na huyo kondoo wa pichani ni wa nani?

Mkwe kaeleza kwa adabu, eti Baba, si uzito. Mashine haibebi picha, inahesabu. Inapita mstari kwa mstari: nyeupe kiasi hiki, nyeusi kiasi hiki. Nyeupe ndefu ni neno moja tu. Picha ya mtu ni vitone, nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi, kila kimoja kitajwe. Mashine za baadaye zikiona mstari unafanana na uliotangulia zinasema tu "kama wa juu". Yangu ya zamani, kila mstari inaanza upya. Nikamwambia kumbe mashine yangu haina uvivu. Akarudi kwenye skana yake. Nimemshinda.

Lakini jambo hili limenikaa kichwani. Nimetazama shati langu la mistari siku nzima. Lingechukua muda gani?

Jumatano, 6 Machi
Mteja! Cheche, fundi wa kuchomelea wa jirani. Ana mchoro wa dirisha la nondo la stoo ya dawa, zahanati ya mji wa pili. Wakiukubali wautie sahihi na kuurudisha, ndipo aanze. Nondo zimebanana kama meno ya kitana. Faksi ikahesabu, ikahesabu, laini ikakatika. Tena. Ikakatika. Cheche akasema Mzee, hii mashine inatuma au inasali?

Mkwe akaskani. Dakika haikuisha. Ila zahanati wakasema faili halifunguki, kompyuta yao haijui ufungashaji wa namna hiyo, yaani jinsi faili lilivyobanwa. Nilicheka mpaka binti akanitoa nje.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewahi dukani kabla binti na mkwe hawajafungua. Ikiwa nyeupe ndiyo inayokimbia, basi tuongeze nyeupe! Nimechukua wino mweupe wa kufutia, nikafuta nondo moja, nikaacha moja, nikafuta moja. Mchoro ukapumua. Nikatuma. Ukateleza kama sabuni! Mchana umerudi na sahihi na muhuri. Cheche kanikumbatia, kaniita jini. Binti kasema labda faksi ibaki. Mkwe kauliza nimefanyaje. Nikasema uzoefu.

Ijumaa, 8 Machi
Cheche kafuata karatasi yenye sahihi. Kasema ajabu, alidhani alichora nondo nyingi zaidi, labda zahanati wamebana matumizi. Nikasema wenye mali wanajua.

Jioni dirisha limesimama karakanani. Likaonekana wazi kidogo. Cheche akasema hapa si mtu anapita? Nikasema hapiti. Akasema anapita. Ubishi! Nikapenya mwenyewe kumwonyesha. Nimepita mzima mzima, kofia kichwani. Umri huu! Nikageuka nipigiwe makofi. Cheche kashika kichwa. Binti alikuwa mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi
Binti kauona wino mweupe juu ya mchoro, kaing'oa faksi. Mkwe kaskani nakala safi aliyoichora Cheche upya, kaifungasha kwa namna ambayo kompyuta zote mbili zinaijua. Imefika, imefunguka, nondo zote zipo. Nikamwuliza mbona faili ni dogo na hakufuta kitu. Akasema Baba, kubana si kupunguza, kule inafunguka ikiwa kamili. Nikamwambia ndivyo nilivyofanya mimi, tofauti yetu ni vifaa.

Dirisha limeongezwa nondo usiku kucha. Adhabu yangu ni kulipaka rangi kabla gari halijaja kulichukua. Nondo nyingi mno! Nyeusi hewa, nyeusi hewa. Nikakaa chini nikafikiri. Upande wa barabarani nimeupaka, unang'aa. Upande wa ndani, wanakoingia wauguzi kuchukua dawa, nimeuruka. Wale wana wagonjwa, watatazama madirisha saa ngapi?

Nimemaliza mapema. Kopo limebaki nusu. Cheche atafurahi.